Korongo Ni Tupu

Nitaanza na ubaya wake, maana nikianza na wema nitalia kabla sijafika mbali. Shemeji yangu Erupe alikuwa mbishi. Ukimwambia chai imechemka, atafunua sufuria. Ukimwambia pango ni tupu, umelimulika kwa tochi na umeona mwisho wake, yeye atatua mkoba, alale kifudifudi, atambae mpaka ndani aguse ukuta wa mwisho kwa kiganja. Kisha atatoka na vumbi puani, apake jivu kwenye mlango wa pango na kusema, "Sasa ni tupu, mke wangu."

Mimi si mke wake. Mimi ni mke wa kaka yake, Ebei. Lakini kwetu shemeji ana ruhusa ya kukutania mpaka ucheke au umrushie mwiko, na Erupe aliitumia ruhusa hiyo tangu siku niliyoletwa bomani. "Kaka akifa mimi ndiye mrithi," alikuwa akisema mbele ya Ebei mwenyewe. "Kwa hiyo jitunze, Asekon. Sitaki kurithi mgonjwa."

Mwaka ule sisi wawili ndio tuliokuwa wapitaji, wakaguzi wa korongo kabla ya mafuriko. Tuliingia korongoni alfajiri kwa mdomo wake wa chini, pale lilipo bwawa letu kavu, tukiwa na mikoba mgongoni, kamba, mfuko wa majivu na wavu wa umande wa kutandaza juu ya miamba kila jioni. Wavu ule ukikusanya vizuri unapata kikombe kimoja kila asubuhi. Maji mengine tuliyabeba, na tuliyanywa kwa kupimiana kwa kifuniko.

Hakuna njia mle ndani. Mafuriko ya kila zamu ya mvua hufagia kila kitu na kupanga mawe upya, na hata kama yangeacha njia tusingeruhusiwa kuifuata, kwa sababu anayejificha korongoni hakai njiani. Tulipanda mawe makubwa kuliko nyumba, tukashuka upande wa pili kwa makalio, tukavuka mchanga unaochoma hata kupitia soli ya kiatu. Penye genge tulivutana kwa kamba. Kila pango, kila ufa unaoweza kumfunika mtu, tuliingia. Kuta zilisimama pande zote mbili, nyekundu, ndefu kiasi kwamba saa sita mchana tu ndipo jua lilipotufikia, na lilipotufikia tulijuta.

Siku ya kwanza nilimulika pango moja nikasema, "Tupu, twende." Erupe akatambaa. Nilikaa nje nikimlaani kimoyomoyo, na kwa sauti pia. Kumbe pango lile lilikuwa na kona mwishoni, na nyuma ya kona alilala mzee mmoja mchimba vito, kiziwi, na mbuzi wake wawili. Erupe alimtoa akiwa amemshika mkono, akamwelekeza nje, akampa nusu ya mkate wetu.

"Macho yako ni mazuri sana, mke wangu," Erupe aliniambia baada ya mzee kuondoka. "Ila hayana mikono."

Nilikuwa nimeona aibu, na nikiona aibu huwa nakasirika.

* * *

Mvua siku hizi haiji. Inaletwa.

Kituo cha Mawingu kina ndege ndogo zisizo na rubani, maelfu, ambazo huchukua mvuke wa ziwa na kuuswaga kwenda juu jinsi mchungaji anavyoswaga ngamia waliochoka. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Wingu likishaiva, linaelekezwa kwa jamii ambayo zamu yake imefika. Lakini likishaiva halirudi nyuma na halisimami. Likifika juu ya mlima wenu lina muda mfupi wa kumwagwa, na msipolipokea linaendelea na safari, linakwenda kwa wenye zamu inayofuata, nanyi mnarudi mwisho wa foleni. Zamu yetu iliyotangulia ilikuja kabla ya watoto wetu wanaochunga mbuzi leo kuzaliwa.

Mvua yetu humwagwa mlimani, bwawa letu liko chini jangwani, na korongo ndilo bomba lililo katikati. Maji yakishuka mle ndani hayaachi kitu. Ndiyo maana kuna wapitaji. Miamba ile humeza mawimbi ya simu, na hakuna mashine iliyoweza kuona ndani yake vizuri, kwa hiyo sheria inadai miguu ya watu wawili, na mwishoni neno la watu wawili. Kila mmoja huvaa bangili inayosoma mapigo ya moyo wake. Mnatoka mkapanda juu ya ukingo, bangili zinaonyesha kwamba nyinyi wawili mko nje, kisha kila mmoja anasema kwa sauti yake kwamba korongo ni tupu. Bila maneno hayo mawili wingu halifunguliwi.

Wazee wetu waliongeza la kwao: wapitaji wawe mashemeji. Ndugu wa damu, walisema, hatamwacha ndugu yake hata dunia iteketee. Watu wasiojuana watatelekezana kwenye jiwe la kwanza. Shemeji yuko karibu kiasi cha kukubebea mzigo, na yuko mbali kiasi cha kukuacha ikibidi. Niliposikia hivyo mara ya kwanza niliona ni hesabu nzuri sana. Sikuwa nimewahi kutembea korongoni na Erupe.

* * *

Tulikuwa tumefika penye wembamba, mahali ambapo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Ilikuwa siku ya mwisho. Wingu lilitarajiwa jioni, na mbele yetu palibaki mwendo mfupi tu kufika kwenye ufa wa kupandia ukingoni. Miguu yangu ilikuwa imejaa malengelenge na nilikuwa nimechoka kupita kiasi.

Chini ya ukuta wa kushoto palikuwa na uwazi, chini ya bamba la jiwe lililolala mshazari. Nilimulika. Safari hii nilimulika vizuri, nikiinama, nikageuza tochi kila upande. Nikaona mchanga, mifupa ya pimbi, na ukuta.

"Tupu," nikasema. "Kwa haki ya Mungu, Erupe, ni tupu. Hakuna kona."

"Umegusa?"

"Nimeona!"

Alikuwa ameshatua mkoba. Akanikabidhi mfuko wa majivu na kunikonyeza. "Hakuna jivu, hakuna neno," alisema, kisha akajiingiza, kichwa kwanza, mpaka nikabaki naona soli za viatu vyake. Nikasikia kiganja chake kikipiga mwamba mara mbili. Akajigeuza mle ndani kwa shida, akaanza kutoka kichwa mbele akijivuta kwa viwiko. Kichwa na kifua vilikuwa vimeshatoka nje, ananitazama, yuko tayari kusema neno lake la kila siku, na mimi nikiwa na majivu mkononi, bamba lile likateleza.

Halikufanya kelele kubwa. Lilishuka kwa mkwaruzo mrefu, likatulia juu ya paja lake la kulia na nyonga. Erupe hakupiga kelele pia. Alivuta pumzi, akaishikilia, halafu akaitoa polepole huku macho yakimtoka.

"Mke wangu," alisema, "nadhani nimekaliwa."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Halafu nikaona mguu wa suruali yake.

Nilifanya yote niliyojua kuyafanya. Nilichimba mchanga chini yake kwa mikono na kwa sufuria, nikakuta mwamba mtupu chini. Nilifunga kamba kwenye bamba, nikaizungusha kwenye jiwe la upande wa pili, nikavuta mpaka viganja vikachunika. Nilitafuta mti wa kuinulia. Mle ndani hakuna mti. Nilisukuma kwa mgongo, nikasukuma kwa miguu, nikasukuma huku nikilia na kutukana. Bamba lilikaa kimya juu yake. Tulikuwa na kisu, tukakitazama wote wawili, lakini palipobanwa ni juu mno, na Erupe akatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

"Kaa chini," akasema. "Unamwaga jasho bure."

Nikakaa. Nilikishika kichwa chake nikakiweka juu ya mapaja yangu, nikampa maji kwa kifuniko. Nilijua anachofikiri na sikutaka akiseme. Kule juu, ule mstari mwembamba wa anga ulikuwa bado mweupe kwa jua.

"Ufa wa kupandia uko karibu," akasema.

"Najua ulipo."

"Watu wa kambi wakianza kutembea sasa hivi watafika lini hapa?"

"Kesho kutwa. Labda."

"Na wingu ni jioni."

"Erupe, nyamaza."

Hakunyamaza. Alizungumza taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache, jinsi anavyozungumza mtu anayepandisha mlima. Aliniambia mambo ninayoyajua. Kwamba kisima cha kambi kinatoa chumvi na watoto wanakojoa damu. Kwamba zamu hii ikipita itabidi kambi yote ihamie ziwani kwa miguu, na katika mwendo ule watoto wachanga ndio hutangulia kufa. Mtoto wake Nakwam alikuwa bado ananyonya. Mama yake hakuwa na maziwa.

"Usinitajie Nakwam," nikamwambia.

"Nimtaje nani, basi? Wako hanyonyi tena, Lokol amekua. Nimtaje yeye?"

Akaivua bangili mkononi mwake. Akaiweka karibu na mdomo, na kabla sijamzuia akasema kwa sauti safi kabisa, sauti ya kuitia ngamia: "Mimi Erupe, mpitaji, nasema korongo ni tupu." Bangili ikawaka taa ya kijani. Ilikuwa imelishika neno lake, italituma ikifika mahali penye mawimbi.

"Ivae," akasema. "Iweke kwenye mkono wako wa pili. Mashine inatafuta moyo tu, na wewe unao. Itaona mioyo miwili juu ya ukingo. Litabaki neno lako."

Nilimwambia maneno mabaya ambayo sitayarudia. Nilimwambia kwamba kwa siku zote hizi amenitesa, hataki niseme tupu kwa pango ambalo hata sungura haingii, mpaka aguse, aguse, aguse, na leo ananituma nikaseme tupu na yeye mwenyewe amelala humu. Nilimuuliza kama hana haya.

Erupe alinitazama. Midomo yake ilikuwa imekuwa ya kijivu.

"Nimegusa, Asekon," alisema. "Nimefika mpaka mwisho na nimegusa. Ni tupu."

Hakuniita mke wake. Ndipo nilipoogopa kweli.

* * *

Nilipanda ule ufa bila kujua nilivyoupanda. Nilimwachia maji yote, na wavu wa umande nikautandaza juu ya kichwa chake, kana kwamba kungekuwa na asubuhi. Nilijiambia kwamba sijaamua. Nilijiambia kwamba nikifika juu kutakuwa na mtu wa kumuuliza, mtu mwenye akili kunizidi, mtu wa ofisi.

Ukingoni upepo ulikuwa baridi. Wingu lilikuwa limefika. Lilijaa mashariki yote, jeusi chini na jeupe juu, na ndege ndogo zilikuwa zikizunguka kingo zake kwa maelfu zikilibana. Nilikuwa sijaona kitu kizuri hivyo tangu nizaliwe. Nikalichukia.

Bangili zote mbili zililia kwa pamoja, na sauti ya mwanamke ikatoka kwenye mkono wangu.

"Habari ya jioni, wapitaji. Hapa Kituo, naitwa Kwamboka. Mama Lokol, pole na safari. Baba Nakwam, pole pia. Nimepokea neno lako tayari, asante sana. Naona mapigo mawili juu ya ukingo." Akacheka kidogo. "Na leo mioyo yenu inapiga pamoja kabisa, pigo kwa pigo. Kaka mtu asisikie!"

Hata yeye alijua utani wa mashemeji. Sikuweza kucheka.

"Kambi imeshaunganishwa," akaendelea. "Wao hawakusikii mpaka utakapotoa neno. Kanuni ni ileile, hakuna wa kukushauri. Ila wewe utawasikia."

Nikawasikia. Walikuwa wakiimba pembeni mwa bwawa, wanawake kwa wanaume, na katikati ya wimbo nilisikia sauti ya mume wangu ikipiga kelele: "Acheni hiyo mitungi midogo! Nani ameleta vikombe? Leo tunaogelea!" Watu wakacheka. Ebei alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwake kwa miaka. Mdogo wake alikuwa chini yangu, ndani ya ufa, na yeye hakujua lolote, na mimi niliyekuwa mkewe sikuruhusiwa kumwambia lolote isipokuwa neno.

"Bi. Kwamboka," nikasema. "Mnaweza kuchelewesha? Mpaka kesho kutwa?"

"Kuchelewesha wingu?" Sauti yake ilibadilika. "Mama, halina breki hili. Jua likizama linavuka mlima."

"Mmwage nusu, basi."

"Nusu yake ikiingia humo korongoni bado ni ukuta wa maji. Tofauti huoni. Kuna shida gani, mama?"

"Ndege zenu zinaweza kuinua jiwe?"

Nadhani alianza kuelewa, na nadhani aliomba asielewe. "Ndege moja haiwezi kuinua hata sufuria," akasema taratibu. "Na zote ziko kwenye wingu. Helikopta iliyopo iko mbali, na kwa upepo huu haiwezi kuruka. Mama Lokol, usiniambie kitu ambacho si neno. Ukiniambia, nitalazimika kukiandika kuwa ndilo neno. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Basi nakusubiri. Samahani, mama. Nakusubiri."

Jua lilikuwa limegusa vilima. Nilitaka kusema tupu. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu baadaye watu walinipa sifa ambazo si zangu, na wengine wakanipa laana ambazo pia nadhani si zangu. Nilikuwa nimeamua. Nilipiga moyo konde, nikamfikiria Nakwam, nikawafikiria wote waliokuwa wakiimba, nikainua mkono mpaka mdomoni na kuanza: "Mimi Asekon, mpitaji, nasema—"

Na mkono ulinuka majivu.

Mfuko wa majivu ulikuwa bado umefungwa kiunoni mwangu. Akilini niliona ule uwazi chini ya bamba, nikaona mlango wake, na ulikuwa haujapakwa. Mapango yote tangu mdomo wa chini yalikuwa na alama yake ya kijivu, kila moja, hata yale ya kijinga. Lile la Erupe halikuwa nayo. Sikufikiri zaidi ya hapo. Sikupima watoto na mtu mzima, sikuwa na mzani wa kupimia. Mdomo ulienda wenyewe.

"—kuna mtu," nikasema. "Korongo si tupu. Kuna mtu."

Kule kambini wimbo haukukatika kwa mara moja. Walio karibu na kipaza sauti walinyamaza kwanza, kisha waliofuata, na sauti ya mtoto mmoja ikabaki inaimba peke yake mpaka mtu alipomfunika mdomo. Kila mtu pale alijua tuliingia wawili, na sauti iliyosema ilikuwa yangu.

Halafu nikamsikia Ebei. "Asekon?" alisema. Jina langu tu, kwa kuuliza. Mstari ukakatwa.

Wingu lilivuka. Lilipita juu yangu na kivuli chake, na upepo wake ulinuka udongo uliolowa, na matone machache yaliyodondoka kwa bahati mbaya yakaniangukia mkononi, juu ya bangili ya Erupe. Niliyalamba. Nilikuwa na kiu.

* * *

Giza lilikuwa linaingia nilipofika chini. Erupe alikuwa ameinua kichwa, anasikiliza. Maji ya mafuriko huanza kusikika kwenye mwamba muda mrefu kabla hujayaona, na yeye alikuwa ameweka sikio lake ukutani, akiyangoja kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kufunga mizigo yake.

"Mbona umerudi?" akaniuliza. "Toka. Yanakuja."

"Hayaji."

"Umesema?"

"Nimesema."

Alinitazama kwa muda mrefu, akijaribu kuona usoni mwangu ni neno lipi. Alipoliona, akaondoa sikio ukutani. Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Aligeuza uso wake upande wa mwamba, na mabega yake yakaanza kutikisika, na mimi nikakaa kando yake bila kujua mikono yangu niiweke wapi.

Tulikaa hivyo. Asubuhi wavu ulitoa kikombe cha umande na hakukitaka. Nilimfungua mdomo kwa nguvu, kama mtoto mwenye homa, nikamnywesha, na alinywa kwa sababu koo lina akili zake. Mchana nilimfunika kwa shuka na nguo zangu. Nilimsimulia hadithi. Nilimtania. Nilimwambia nimeamua kumkubali, Ebei akifa niolewe na yeye, lakini mahari iko palepale. Nilimwambia mguu mmoja unatosha kwa mwanamume mvivu kama yeye. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Hakujibu hata mara moja. Alikuwa hai, alikuwa ananisikia, na hakujibu.

* * *

Walifika kwa kufuata majivu. Ebei alikuwa mbele, na wanaume wengine watatu nyuma yake, wote miguu imepasuka kwa kutembea mchana na usiku. Ebei alinigusa bega alipopita, akapiga magoti mbele ya mdogo wake, akamshika uso kwa mikono yote miwili. Kisha akafungua mkoba wake akatoa jeki; Kituo kilikuwa kimewaambia nilivyouliza habari ya kuinua jiwe. Jeki ya gari, ya lori bovu lililoko nyuma ya duka la kambi, ile watoto wanayochezea. Akaiweka kwenye kona ya bamba, akatia kigingi, akaanza kuzungusha.

Bamba liliinuka. Liliinuka kwa urahisi, likilia kidogo, kwa muda ambao mtu angechemsha chai. Wanaume wakamvuta Erupe nje. Mimi nilisimama nikiitazama ile jeki, na nilihisi nataka kuiokota na kujipiga nayo.

Mguu ulikuwa umekufa, hilo lilionekana. Lakini yeye mwenyewe angeishi. Walimlaza kwenye machela ya kamba na shuka. Ndipo alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu ile jioni.

"Kambi?" akamuuliza kaka yake.

"Wameondoka," Ebei alisema. "Usiku uleule, sisi tukifunga safari. Wanaelekea ziwani. Waliobaki ni wale wasioweza kutembea."

"Nakwam?"

"Mama yake amembeba. Niliagana nao kabla ya kuingia humu. Nilimshika."

"Alikuwa analia?"

Ebei alijishughulisha na fundo la kamba. Alilifungua, akalifunga upya, ingawa lilikuwa limefungwa vizuri.

"Hapana," akasema. "Alikuwa halii."

Nilichukua kifuniko, nikakijaza maji waliyotuletea, nikainama juu ya machela nikakipeleka mdomoni mwa Erupe kama nilivyokuwa nikifanya siku zote zile. Akakitazama kifuniko. Kisha akageuza kichwa, taratibu, bila chuki, kuelekea upande aliosimama Ebei.

"Kaka," alisema, "mwambie mke wako akupe wewe hayo maji. Nitayapokea kwako."